Kioo cha Agosti 7 bado kimo mwilini mwa mama: je, aingie kwenye MRI?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63. Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa kazini Nairobi, ghorofani, katika jengo lililokuwa karibu na ubalozi wa Marekani, bomu lilipolipuka pale. Jicho la kushoto lilipasuliwa na vioo, likashonwa, lakini halikuona tena na sasa limesinyaa. La kulia lilipona. Mwezi uliopita alikuwa ananawa uso, akahisi kitu kinamkwaruza juu ya nyusi. Tukatoa kipande cha kioo, kama punje ya mchele. Tangu mwanzo wa mwaka jicho la kulia linaona ukungu na kichwa kinamuuma. Hospitali wanataka apigwe MRI ya kichwa, naye anakataa, anasema ile sumaku itavuta vioo vilivyobaki. Jirani naye amemwambia jicho bovu lisipotolewa litaua la pili. Tufanyeje? Na kile kipande amekiweka kwenye kiberiti. Akitupe? – Binti yake, Voi

JIBU: Marahaba, binti yangu, na mama mpe pole zangu. Umenirudisha kwenye Ijumaa ile. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano, na mchana huo nilipewa kazi moja tu: kushika chupa ya maji ya chumvi na kuosha nyuso za majeruhi kabla daktari wa macho hajafika kitandani. Vioo vilikuwa kwenye nyusi, kwenye nywele, ndani ya masikio. Nikiinamisha kichwa cha mtu juu ya bakuli la chuma, vilidondoka vikilia kama mchele unaomiminwa kwenye sufuria. Wengi walishonwa haraka haraka wakapisha wengine, na vipande vingine vilibaki chini ya ngozi. Mwili hauwezi kukiyeyusha kioo. Hukizungushia kovu jembamba na kukaa nacho, na kovu hilo likisogea baada ya miaka, kioo hujitokeza chenyewe. Kilichotoka juu ya nyusi kisiwatishe. Pakiota usaha au uvimbe mwekundu, hapo ndipo mumwone daktari.

Sasa MRI. Mama ana sababu ya kuogopa, ila anaogopa kisicho chenyewe. Kioo hakivutwi na sumaku. Hata angekuwa na vipande ishirini vya dirisha usoni, mashine haitavisogeza. Ninachokiogopa mimi ni chuma. Bomu lile lililetwa kwa lori likalipukia nyuma ya ubalozi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Halikurusha vioo peke yake. Lilirusha vipande vya lori lenyewe, mabati ya magari, fremu za madirisha, misumari. Kichembe cha chuma kilicholala ndani ya jicho, kikikutana na sumaku ile, kinaweza kugeuka kikaikata retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mtu akaingia kwenye mashine anaona akatoka haoni. Kwa mtu mwenye jicho moja sikubali hata bahati nasibu ndogo ya namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya MRI apigwe eksirei ya macho, picha mbili: moja akitazama juu, nyingine akitazama chini. Kitu kikihama kutoka picha moja hadi nyingine, kiko ndani ya jicho. Wakiweza kumpiga CT skani, vizuri zaidi, kwa sababu inaonyesha chuma na kioo na mahali hasa kilipo. Mtu akikuambia kioo hakionekani kwenye eksirei, si kweli. Kioo cha kawaida chenye milimita mbili hivi huonekana. Vinavyojificha ni mbao na plastiki. Picha zikiwa safi, mama aingie MRI bila hofu ya chuma jichoni. Chuma kikionekana jichoni, MRI isifanyike, watafute sababu ya maumivu ya kichwa kwa CT.

Mwambie daktari aliyemwandikia MRI kuhusu mlipuko, kwa maneno, ana kwa ana. Huenda ni kijana aliyezaliwa baada ya 1998. Kwenye fomu huulizwa kama mgonjwa amewahi kufanya kazi ya kuchomea vyuma; kuhusu bomu huenda wasiulize.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako ni neno moja: umesema jicho la kulia “lilipona”. Binti yangu, jicho la kulia halikupasuka. Kutopasuka si sawa na kupona.

Kumbuka mambo yalivyokwenda siku ile. Kwanza palisikika guruneti na milio ya risasi langoni mwa ubalozi. Watu wakaacha meza zao wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Walipokuwa wamesimama pale, nyuso zikiwa kwenye kioo, bomu likalipuka. Madirisha yale yalikuwa ya kioo cha kawaida, ambacho kikivunjika hutoa visu virefu. Hayakuwa na utando wa plastiki katikati kama kioo cha mbele cha gari, unaoshikilia vipande visiruke. Jengo la Ufundi, lililokuwa kando ya ubalozi, liliporomoka. Jumba la Ushirika, jirani yake, lilibaki limesimama, lakini madirisha yake yaliingia ndani kwa watu. Waliokufa Nairobi ni 213, na Dar es Salaam, ulikolipuliwa ubalozi mwingine asubuhi ileile, ni 11. Majeruhi walikuwa maelfu. Ndiyo maana macho mengi kiasi kile yaliumia kwa dakika moja.

Mama akiwa alisimama uso ukielekea dirisha, pigo lililolipasua jicho la kushoto huenda liligonga na la kulia. Jicho likigongwa kwa nguvu, ile kona ndogo ambamo maji ya ndani ya jicho hupitia yakitoka inaweza kuchanika ndani kwa ndani. Haiumi. Kovu hujijenga polepole, njia ya maji huziba, na presha ya macho, yaani glakoma, huja baada ya miaka kumi, au hata ishirini na zaidi, wakati kila mtu ameshasahau. Pigo hilohilo huharakisha mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Lakini kile ambacho glakoma imeshakichukua hakirudi, na kwa mama hakuna jicho la akiba.

Kwa hiyo asisubiri MRI ndipo aende kliniki ya macho. Aende wiki hii. Muombe vipimo hivi kwa majina: presha ya jicho, kutazamwa kona ya jicho kwa lenzi yenye vioo, na kupanuliwa mboni ili retina na mshipa wa fahamu wa jicho vionekane. Hicho cha kona ndicho huachwa mara nyingi kwa sababu kinachukua muda. Msikubali kiachwe.

Nina sababu ya kung'ang'ania. Miaka michache iliyopita alinijia mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa ametibiwa mzio wa macho kwa miaka mitatu, matone juu ya matone. Konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ilikuwa imevimba upande wa chini tu, nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilipomwekea lenzi ile niliona kitu kinameta chini kabisa ya kona: kipande cha kioo, hakifiki milimita mbili, kimejilaza. Kila alipoinamia cherehani yake kiliigusa konea kutoka ndani. Nikamuuliza, mzee, Agosti 1998 ulikuwa wapi? Alinyamaza kidogo. “Ndani ya basi,” akasema, “Haile Selassie.” Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye alidhani mambo yale yalishapita.

Jirani hakutunga. Upo ugonjwa unaoitwa simpathetiki ofthalmia: jicho likipasuka, kinga ya mwili huweza kuligeuka, kisha ikalishambulia na lile zima. Ni nadra. Katika kila kumi wanaoupata, wanane hivi huupata ndani ya miezi mitatu baada ya jeraha, na tisa ndani ya mwaka. Wachache mno wameupata baada ya miongo. Kulitoa jicho bovu kulikuwa na maana ya kinga katika wiki mbili za mwanzo. Leo, miaka yote hii baadaye, sishauri litolewe kwa ajili hiyo. Likiwa linamuuma mchana na usiku, hilo ni jambo jingine na tutalizungumza. Ila dalili za ugonjwa wenyewe mzijue: jicho la kulia kuwa jekundu, kuumizwa na mwanga, kushindwa ghafla kusoma karibu, kuona vinzi vingi vinaelea. Akiziona, aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, zikianzwa mapema huokoa macho mengi.

Na avae miwani yenye lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, hata kama haina namba. Anapokata kuni, anapokaanga, anapopanda matatu. Mwenye jicho moja havai miwani kwa ajili ya kuona tu.

Kuhusu kichwa: mkishaondoa shaka ya presha ya jicho, tazameni kalenda. Ninao wagonjwa ambao maumivu huwazidi kuanzia mwisho wa Julai, na ambao mpaka leo hawaketi karibu na dirisha. Si kujifanya na si udhaifu. Msimwambie asahau. Akitaka kwenda kwenye bustani ya kumbukumbu, pale ubalozi ulipokuwa, mpelekeni; akikataa kupita hata mtaa ule, muacheni. Kwenye ukuta pale yameandikwa majina ya waliokufa. Walioumia hawana ukuta, na wengi wa Kenya bado wanadai fidia hadi leo. Akiwa na moyo wa kusikia habari za mwenzake, msimulieni ya Douglas Sidialo, aliyepoteza macho yote mawili siku ile, kisha akapanda Kilimanjaro na kuendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town.

Halafu chukueni kadi ngumu mwandike: “Mlipuko wa bomu, Nairobi, 7 Agosti 1998. Jicho la kushoto lilipasuka. Vioo mwilini. Chuma: bado kuthibitishwa.” Ikae pamoja na kitambulisho chake, na kila anayemtibu aisome kwanza, hata daktari wa meno. Mafaili mengi ya siku ile hayapatikani tena. Kadi hiyo ndiyo faili lake.

Kile kipande asikitupe. Aende nacho kwenye eksirei, kwenye kiberiti chake hichohicho. Amwombe mpiga picha akibandike kwa plasta ubavuni mwa uso, mbali na jicho, kisha apige. Kioo cha dirisha lile kitaonekana pale pembeni weupe wake ulivyo, na daktari atajua ni weupe wa namna gani anaoutafuta ndani.