Uliza Fundi wa Barabara: Tuta linaloangusha watu, kona pana na mtaro ulio wazi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga, mji ambao baiskeli bado ni chombo cha kwendea kazini, sokoni na shuleni. Tumechagua saba.

Bodaboda ilimgonga mtoto mbele ya shule, vijana wa mtaa wakajenga tuta la zege. Sasa baiskeli zinaanguka pale, gari zinakwaruza chini, na bodaboda zinapita pembeni wanakotembea watoto. Tulibomoe? (Mzazi, Makorora)

Pole sana, mama, na mtoto apate afueni. Tuta libomolewe, ila si kabla ya tuta jipya kupangiwa tarehe. Wiki mbili za barabara tupu mbele ya shule ni nyingi mno.

Kosa la matuta ya kienyeji ni wembamba. Huwa na upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 15 au zaidi, kama gogo lililolazwa njiani. Aliyefunga ndoo mbili za samaki nyuma ya baiskeli anarushwa, na wa bodaboda anatafuta upenyo. Tuta linalofaa huchukua mita 3.7 za barabara, limeviringika taratibu, na katikati kimo chake ni sentimita 10. Fundi akate kipimo cha plaiwudi: kuanzia ukingoni, kila baada ya sentimita 30, kimo kiwe sentimita 3, kisha 5.4, 7.4, 8.8 na 9.6, hadi 10 kwenye mita 1.85. Upande wa pili ushuke vivyo hivyo. Ubao huo uburuzwe juu ya zege bichi. Bila ubao fundi anakisia kwa jicho, na gogo linarudi.

Kwa mlango wa shule tunapendelea zaidi tuta bapa, ambalo juu yake ndipo panapochorwa kivuko. Sehemu bapa iwe na mita 4, mteremko wa mita 1 kila upande, kimo sentimita 10. Mtoto anavuka akiwa juu kidogo, anaonekana, na gari tayari limepunguza mwendo. Barabara ya upana wa mita 6 itakula zege la mita za ujazo 3, yaani kama mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Miteremko isiishie kwa ncha nyembamba juu ya lami, kwani ncha hiyo hubanduka mapema. Lami ikatwe, zege lizame sentimita 5 pale linapoanzia. Jua na upepo wa bahari hukausha zege haraka, kwa hiyo lifunikwe kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa kwa siku 7. Ijengwe nusu ya barabara kwanza, magari yapite nusu nyingine.

Pembeni pa tuta maji ya masika lazima yapate njia. Bomba jembamba huziba kwa mifuko na chupa, ni afadhali mfereji wa sentimita 30 wenye mfuniko unaonyanyuka. Na bila nguzo fupi ukingoni, bodaboda zitapita juu ya mfuniko huo huo.

Kazi yenyewe ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Msijenge wenyewe tena. Vipimo hivi ni vya kumkagua mkandarasi siku atakapofika, na kamati ya shule iwe navyo mkononi.

Kibao cha mwendo kasi tunacho. Kwa nini madereva hawakifuati? (Msomaji, Chumbageni)

Kwa sababu barabara yenyewe inawaambia jambo jingine. Njia moja ya upana wa mita 4, iliyonyooka, bila mti wala kizuizi, dereva huiona kama barabara kuu hata ikipita katikati ya nyumba. Ikipunguzwa hadi mita 3 kwa mstari wa rangi na nguzo fupi, mguu hupunguza mafuta wenyewe, na ile mita inayobaki kila upande inaongeza njia ya miguu.

Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Fikirini tofauti ya 50 na 30. Dereva makini, lami kavu, anayekwenda 30, husimama ndani ya mita 13 hivi tangu amwone mtoto. Anayekwenda 50 anahitaji mita 28 hivi. Pale yule wa kwanza aliposimama kabisa, mguu wa huyu wa pili ndiyo kwanza unafika kwenye breki. Kwenye mitaa ya ndani sisi tunatetea 30 bila kusita.

Mtaa wetu unapoungana na barabara kubwa, magari yanakata kona bila kupunguza mwendo. Mzee mwenzangu anayetembelea gongo hawezi kuvuka. (Mzee wa Nguvumali)

Shikamoo mzee. Tatizo ni mviringo wa kona. Kona iliyochongwa kwa nusu kipenyo cha mita 10 inapitika bila kugusa breki, na mdomo wa mtaa unapanuka mno kwa anayevuka. Ikirudishwa kuwa mita 4, gari dogo linalazimika kukata taratibu, na hatua za kuvuka zinapungua sana. Lori la taka bado litageuka, ila litachukua upana wote wa mtaa wa ndani kwa sekunde chache, jambo lisilodhuru.

Kabla ya kumwaga zege, TARURA waombwe wafanye jaribio la mwezi mmoja: rangi nyeupe chini, na matairi ya zamani yaliyojazwa mchanga yapangwe kufuata kona mpya. Athari za matairi ya lori zitaonyesha kona imebanwa mno au bado. Kijiwe cha bodaboda kilichopo konani kisogezwe angalau mita 10, kwa sababu pikipiki zilizopangwa hapo humficha anayetaka kuvuka. Vijana wapewe nafasi nyingine yenye kivuli, vinginevyo watarudi palepale kesho yake. Wana haki ya kupumzika penye mwarobaini kama watu wengine.

Barabara zetu za namba hapa Ngamiani zimenyooka, basi kila anayekwepa foleni anakata humu. Je, tunaweza kufunga mtaa? (Mkazi, Ngamiani)

Mpangilio wa Ngamiani, barabara za namba zilizonyooka zikikatizwa na nyingine, unafaa kwa kazi hii kuliko mitaa mingi nchini. Hatuwashauri kufunga mtaa, tunawashauri kuuchuja: gari lifike kila mlango, lakini lisiweze kupita moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Barcelona, Hispania, imekusanya vitalu tisa vya majengo, vitatu kwa vitatu, kuwa eneo moja ambalo magari ya kupita huzunguka nje.

Penye njia panda, nguzo hupangwa kwa mshazari kutoka kona moja hadi kona ya pili. Gari likifika pale linalazimika kupinda. Mwenye baiskeli, mwenda kwa miguu na kiti cha magurudumu wanapita katikati ya nguzo. Bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 10 lijazwe zege, lizame sentimita 50 ardhini, libaki 90 juu, na livikwe utepe unaong'aa usiku. Nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 1.2. Baiskeli iliyobeba mzigo inapita, bajaji haipiti. Mikokoteni ya sokoni ipimwe kwanza kwa futi kamba, maana mingine imetanuliwa kuliko kawaida, na maisha ya wasukumaji yako humo.

Nguzo ya katikati iwe ya kung'olewa kwa kufuli, funguo moja zimamoto, nyingine ofisi ya mtaa. Hapo ndipo mipango mingi huharibika: funguo zikipotea, nguzo hung'olewa kwa nyundo na hairudi. Bodaboda bado zitapenya. Dawa yake ni tuta mita 5 kabla ya nguzo.

Wenye maduka wataogopa kupoteza wateja. Waelezwe kwamba gari la mzigo litafika kama kawaida, kwa kuzunguka kidogo. Tena Ngamiani si ngeni kwa jambo hili: turubai la msiba au harusi likisimamishwa, barabara hufungwa, magari hupita mtaa wa pili, na watoto hucheza hadi usiku.

Mtaro wa mbele ya nyumba zetu hauna mfuniko, na ndio pekee pa kukanyaga gari likija. (Dada wa Mikanjuni)

Mtaro uliofunikwa vizuri ndiyo njia ya miguu ya bei nafuu kuliko zote, dada. Kwa mtaro wa upana wa sentimita 60, mfinyangieni fundi mfano kwa udongo kwanza, kisha afyatue vipande vya zege vya sentimita 80 kwa 40, unene 10. Kila upande utaegemea ukuta kwa sentimita 10. Kipande kimoja kitakuwa na kilo 77 hivi, watu wawili wanakinyanyua siku ya kuzibua.

Nondo za mm 10 zipangwe kila sentimita 15, na zilale chini ya kipande, si katikati wala juu. Zege huvutika upande wa chini linapokanyagwa, na nondo iliyoelea katikati haisaidii sana. Ila isiguse uso wa chini, ifunikwe na zege la kutosha, kwani hewa ya chumvi ya Tanga hutia kutu haraka na kutu hupasua zege. Nondo ishikiliwe na vibonge vya saruji, si vijiwe vya kuokota. Geti la gari linapopita, unene uwe 15 na nondo mm 12.

Kila kipande cha tano kiwe na matundu mawili ya kupitisha ndoano. Vyote vilingane kimo na njia. Kipande kilichoinuka sentimita 2 kinamwangusha mzee usiku.

Gurudumu langu la mbele lilizama kwenye chuma cha mtaro. (Mwendesha baiskeli, Mabawa)

Vyuma vyake vimelazwa kufuata mwendo wa barabara. Vinapaswa kukatiza, na nafasi zisizidi sentimita 2. Kama chuma hakijajengewa, kukigeuza ni kazi ya asubuhi moja. Peleka TARURA picha yenye rula juu yake.

Tuandike nini ili tusikilizwe? (Kamati ya mtaa, Makorora)

Andikeni namba. Pimeni mita 50 za barabara, mchore mstari wa chaki mwanzo na mwisho, na mmoja ashike saa ya simu. Gari linalopita kwa sekunde 6 lina kilomita 30 kwa saa, kwa sekunde 3.6 lina 50. Pimeni magari na pikipiki 100, mahali dereva asipowaona mkipima, kati ya saa 12:30 na saa 1:30 asubuhi watoto wanapokwenda shule. Mpangeni kutoka wa polepole hadi wa mbio. Mwendo wa yule wa 85 ndio mhandisi atauliza. Saa hiyo hiyo hesabuni wanaovuka: watoto, baiskeli, mikokoteni, viti vya magurudumu, kila kundi mstari wake.

Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini, ramani ya mkono na picha. Barua ipite kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, iende TARURA, nakala kwa diwani. Kama ni barabara kuu, mfano ile ya Segera au ya Horohoro, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, basi barua ya Mei huwa imechelewa. Mkisikia mtaa wenu utawekwa lami, peleka ombi kabla ya zabuni kutangazwa, wakati kubadilisha mchoro hakugharimu kitu.

Kazi ikiisha, pimeni tena siku na saa ileile. Mwendo usiposhuka, angalieni kwanza umbali kati ya tuta na tuta. Ukizidi mita 100, dereva anapata nafasi ya kukanyaga mafuta tena.