Farasi na nyumbu kwenye shamba moja: isome tabia ya kila mmoja kwanza

Mwenye farasi akinunua nyumbu wake wa kwanza, kwa kawaida humchukulia kuwa ni farasi mgumu zaidi asiyechagua chakula. Miezi michache haijapita anaanza kulalamika: nyumbu mkaidi, nyumbu ana kinyongo, nyumbu anawaonea farasi. Mara nyingi nyumbu hana kosa. Nyumbu wa kufugwa, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike, huchukua kimo na mwendo wa mama, ila namna ya kuikabili hatari huichukua zaidi kwa baba. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, akishafika mbali ndipo anageuka kutazama. Punda husimama, huangalia, hupima, na akibanwa kwenye kona hupigana. Nyumbu yuko kati ya hawa wawili, na kila nyumbu ana mahali pake hapo katikati. Kwa hiyo kuambiwa tu kwamba "nyumbu wako hivi" hakukusaidii sana. Unayehitaji kumjua ni huyu aliye zizini kwako.

Njia ya kumjua ni rahisi na haina gharama. Chukua daftari, kaa nje ya uzio asubuhi tatu au nne mfululizo, saa ya nyasi na saa ya maji. Kila mnyama anapomwondoa mwenzake, andika nani kamwondoa nani na kwa njia gani: kulaza masikio tu, kuonyesha meno, kugeuza matako, au teke lenyewe. Utagundua kwamba mkubwa wa kundi si yule mwenye fujo. Mara nyingi ni farasi jike mtu mzima ambaye akilaza masikio na kusogeza shingo kidogo tu, wengine wanapisha. Anayeuma na kufukuza kila dakika ni wa katikati, ambaye nafasi yake haijatulia. Tena cheo hakiendi kwa mstari mmoja. Nyumbu anaweza kumwondoa farasi mwekundu, mwekundu akamwondoa mweusi, na mweusi huyo huyo akamwondoa nyumbu bila ubishi. Usipoliona hilo utawalisha vibaya.

Hapo kwenye kulisha ndipo tabia inapogeuka kuwa ugonjwa. Farasi wa kilo 450 anahitaji takribani kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 2 ya uzito wake. Nyumbu wa kilo 350 asiye na kazi nzito hutosheka na asilimia 1.5, kama kilo 5 hivi. Sasa chukua nyumbu mbabe na farasi mpole, waache wale pamoja miezi mitatu. Nyumbu atapata shingo nene yenye uvimbe mgumu juu, kisha kwato zitaanza kumuuma kwa ndani kwa sababu ya shibe. Farasi atahesabika mbavu. Mwenye shamba huona farasi amekonda, anaongeza nyasi, na nyongeza yote inaingia tumboni mwa yule yule nyumbu.

Weka mafungu ya nyasi yaliyozidi idadi ya wanyama kwa moja, umbali wa mita 8 hadi 10 kati ya fungu na fungu, yametawanyika uwanjani wala si kwenye kona au kando ya uzio, ambako mnyonge hubanwa akakosa pa kutokea. Anza kumwekea mkubwa, malizia na mdogo. Ukifanya kinyume unamtengenezea mdogo kipigo. Nafaka na pumba wapewe kila mmoja peke yake, amefungwa au yuko chumba chake. Na tafadhali, chakula cha viwandani cha ng'ombe au kuku kisiingie kwenye hori la farasi, nyumbu wala punda bila kujua kilichomo. Baadhi huwekewa dawa iitwayo monensini, ambayo ng'ombe huivumilia lakini farasi huharibika moyo na kufa kwa kiasi kidogo tu.

Jambo linalowashangaza wengi ni jinsi nyumbu anavyompenda farasi jike. Alilelewa na mmoja, na mapenzi hayo hayaishi. Wasafirishaji wa zamani kule Mexico na magharibi mwa Marekani walilitumia hilo: walimfunga kengele farasi jike mmoja, na nyumbu wote wa msafara walimfuata mchana na kukaa karibu naye usiku bila kufungwa. Shambani kwako pia, ukimweka jike mtulivu, nyumbu hatatoroka. Ubaya wake ni siku jike huyo anapotolewa kwenda kupandwa. Nyumbu hulia, huranda kando ya uzio, huvunja nguzo, na mwingine hugoma kula. Kugoma kula si deko. Punda na nyumbu, hasa wanene, wakikaa bila kula siku moja au mbili mafuta humwagika kwenye damu na kuharibu ini, na wengi wa waliofika hapo hawaponi. Kwa hiyo mfundishe kuachwa mapema: mtoe jike dakika tano huku nyumbu akiwa na mwenzake mwingine na nyasi mbele yake, umrudishe kabla hajaanza kuhangaika, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Mmoja akiugua, mtibu pale pale mwenzake anapomwona.

Mgeni naye asitupwe kundini siku ya kwanza. Mtenge wiki tatu angalau, mpe dawa ya minyoo. Kama ni punda au nyumbu, mweleze daktari akupe dawa inayofika hadi minyoo ya mapafu, kwa kuwa punda huibeba bila kukohoa na farasi akiipata hukohoa miezi. Kisha mweke upande wa pili wa uzio imara, usio wa seng'enge, wanusane kwa wiki moja. Halafu mtie pamoja na yule mpole kuliko wote, na mwishoni wote, asubuhi, uwanja mpana, viatu vya kwato za nyuma vikiwa vimeng'olewa. Kukimbizana na milio ya nusu saa ni kawaida. Mmoja akimwandama mgeni bila kumpa nafasi ya kula wala kunywa, mtoe mwandamaji, si mgeni. Akirudi baada ya siku chache huwa yeye ndiye mgeni.

Mtoto wa farasi aliyezaliwa juzi usimwache na nyumbu usiyemjua. Wako nyumbu wanaofukuza na kukanyaga watoto, ndama, mbuzi na mbwa, na wako majike wanaojaribu kumnyang'anya mama mtoto wake. Kuhusu dume la nyumbu, kwamba hazai si sababu ya kumwacha mzima. Homoni anazo zote, na akikomaa huwa hatari kwa watu. Ahasiwe kati ya miezi 6 na 12, na daktari aifunge mishipa kwa uzi, maana hutoka damu zaidi kuliko farasi.

Kuna msemo kwamba punda haendi ila kwa kigongo, na watu wengi wameuhamishia kwa nyumbu. Ni hasara tupu. Mfikishe nyumbu kwenye kalavati asilolijua: atasimama, masikio mbele, pua ikivuta hewa kwa nguvu. Hapo anafikiri. Simama kando ya bega lake, usimkabili uso kwa uso ukivuta. Kaza kamba kidogo tu. Akihamisha uzito mbele, au akainua mguu mmoja, legeza kamba papo hapo, ngoja, kisha omba tena. Akitaka kugeuka, rudisha kichwa kielekee kalavati, basi. Yule jike akitangulia, kazi inakuwa nusu. Ukimpiga, huenda akavuka leo, lakini atakuwa amejifunza kwamba kalavati ni hatari na wewe ni sehemu ya hatari hiyo. Kesho atasimama mita hamsini kabla. Farasi ni tofauti. Ukimsimamisha muda mrefu mbele ya kitu anachokiogopa, hofu inajaa ndani yake mpaka alipuke. Mwache atembee, mbele na nyuma, kila mara ukimsogeza karibu kidogo.

Ukipita nyuma ya nyumbu, pita ukimgusa mwili kwa mkono au kaa mbali mita tatu na zaidi. Teke lake huenda pembeni na hata mbele, na hulenga. Lango nalo lifungwe kwa mnyororo na ndoano juu ya komeo: midomo ya nyumbu hulicheza komeo hilo mpaka liachie, na akishafungua mara moja hasahau.

La mwisho ni maumivu, na hapa utulivu wa nyumbu humdanganya mwenye shamba. Farasi akisokotwa na tumbo utajua: huparua chini, hugeuka kutazama ubavu, hulala na kugaagaa. Nyumbu husimama tu pembeni, masikio yamelegea, hataki nyasi. Wakati huo ugonjwa unaweza kuwa umefika mbali. Kwa hiyo mpime angali mzima, asubuhi akiwa ametulia: tia vidole kwenye mshipa unaopita chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi mzima mwenye afya huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Punda huenda juu zaidi kidogo, na nyumbu huwa kati yao. Andika namba ya kila mmoja kwenye mlango wa banda pamoja na joto lake. Siku nyumbu akikataa chakula, pima tena. Mapigo yakizidi 60 naye hajafanya kazi yoyote, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.