Jibu: Ile filamu ya Kiitaliano ya kijana aliyerithi jumba lenye chumba cha vioo

Mkuu, ile filamu uliyouliza jina lake, ya picha nyeusi na nyeupe, kijana anarudi kwenye jumba la marehemu baba yake kando ya bahari, ni Libido ya mwaka 1965. Waongozaji ni Ernesto Gastaldi na Vittorio Salerno. Huyo kijana, Christian, ni Giancarlo Giannini, ndiyo kwanza anaingia kwenye sinema. Usilitafute jina lake mwanzoni mwa filamu, wamemwandika John Charlie Johns.

Christian alipokuwa mtoto alimshuhudia baba yake akimuua mwanamke ndani ya kile chumba cha vioo. Sasa amerudi na mkewe, pamoja na mwanasheria anayesimamia urithi wake na mke wa huyo mwanasheria (anaigizwa na Mara Maryl, mkewe Gastaldi kweli). Zinaanza kuonekana dalili kwamba mzee bado yupo. Utamu wote uko hapo: kijana amerithi wazimu wa baba, au kuna mtu anaitaka mali?

Watu wanne ndani ya nyumba moja, na bado unamshuku kila mmoja. Naipenda sana kwa hilo. Mwisho wake sikuambii, itazame upya.