Usomee Nini Chuoni Ukitaka Kuwa Mhariri wa Vitabu

Kila msimu wa udahili, wahitimu wa kidato cha sita wanaotamani kazi ya uhariri huupekua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wakitafuta shahada yenye jina hilo, na wasipoiona hudhani kwamba nafasi haipo. Nafasi ipo. Vyuo vinavyofundisha uchapishaji kama taaluma inayojitegemea, kama Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, ni vichache katika Afrika Mashariki, na wahariri wengi ninaowafahamu waliingia katika kazi hii kwa kupitia masomo mengine.

Mimi nilisoma Sanaa na Ualimu, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Jiografia, na leo nahariri vitabu vya shule jijini Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kwamba usome isimu ya Kiswahili, yaani sayansi ya lugha yenyewe, kwa kina, lakini usiisome peke yake. Iambatanishe na somo la pili lenye maarifa yake yenyewe.

Faida ya isimu huonekana katika mambo madogo. Katika muswada mmoja wa kilimo nilikuta sentensi hii: “Matumizi ya mbegu yanayofaa huongeza mavuno.” Upatanisho wake hauna kosa, kwa kuwa “yanayofaa” yanakwenda na “matumizi”. Hata hivyo, aya nzima ilihusu kuchagua mbegu zinazostahimili ukame, wala haikugusa namna ya kuzitumia, kwa hiyo ilielekea kwamba mwandishi alikusudia “zinazofaa”. Aliyezisoma ngeli vizuri huona mara moja kwamba maana zinazowezekana ni mbili. Anayekifahamu kilimo hujua ni ipi inayopatana na aya. Na mhariri makini, hata akiwa na hakika, humwandikia mwandishi swali pembeni badala ya kubadilisha kimyakimya.

Somo la pili nalo huokoa mahali ambapo sarufi haina la kusema. Niliwahi kupokea jedwali la mvua lililoandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, ila takwimu za Dodoma na Bukoba zilikuwa zimebadilishana nafasi. Dodoma hupata wastani wa chini ya milimita 600 kwa mwaka, ilhali Bukoba, iliyo kando ya Ziwa Victoria, hupata takriban milimita 2,000. Msahihishaji prufu asiyejua jiografia angelipitisha jedwali lile, na watoto wangelikariri.

Kwa sababu hiyo, kama tayari umechaguliwa kusoma Biolojia, Fizikia au Hisabati, nakusihi usihame. Tanzania hufundisha shule nyingi za msingi za serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anayeielewa sayansi na kuiandika vyema katika lugha zote mbili ni hazina kwa mchapishaji yeyote wa vitabu vya kiada. Kenya nako, ambako vitabu vya shule hupelekwa KICD, taasisi ya taifa ya ukuzaji mitaala, kukaguliwa kwa kulinganishwa na mtaala, wachapishaji hutafuta wahariri kwa somo, na shahada ya ualimu husaidia sana kwa kuwa mwalimu anajua mtoto wa darasa fulani anaweza kuelewa nini.

Uandishi wa habari ni chaguo zuri kwa anayelenga chumba cha habari, kwani hufundisha kasi, vichwa vya habari na sheria ya kashfa. Kuhusu fasihi, naipenda kwa moyo wote, lakini kupenda riwaya hakutoshi kukufanya mhariri wa riwaya. Unahitaji pia saa nyingi za sarufi.

Kabla ya kuthibitisha udahili, tafuta orodha ya kozi za programu yenyewe, uangalie kama zimo sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana) na tafsiri, na kama mwaka wa mwisho una tasnifu itakayosahihishwa na msimamizi ukurasa kwa ukurasa. Mazingira ya chuo nayo yana uzito. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ilirithi mwaka 2009 kazi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kusoma karibu na watunga kamusi humfundisha mtu kwamba usanifu wa lugha ni uamuzi unaojadiliwa na kutolewa sababu.

Wanafunzi wa ualimu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo mazoezi ya uhariri utajitafutia mwenyewe. Andika barua kwa mchapishaji mapema kabla ya likizo ndefu, uambatanishe kurasa chache ulizohariri, zikionyesha mabadiliko yote pamoja na maswali uliyomwandikia mwandishi. Mimi ninapopokea maombi ya namna hiyo, huanza kwa kuyasoma maswali.