Redio imesema mvua, jua likawaka

SWALI: Mhariri, ninaanika dagaa mwaloni Kibirizi. Juzi redio ilitangaza mvua Kigoma, nikaacha mzigo ndani. Jua likawaka mpaka jioni, dagaa wakaanza kunuka. Jirani aliyeanika akanicheka. Hawa wa hali ya hewa tuwaamini kweli?
Mama Dagaa, Kigoma

JIBU: Pole mama, hasara ya dagaa wabichi naijua. Lakini siku hiyo Kasulu, mkoa huohuo wa Kigoma, ilinyesha, niliulizia. Utabiri wa kila siku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mara nyingi huweka Kigoma na mikoa jirani kapu moja: "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua". Hayo maeneo machache yanaweza kuwa Buhigwe, huko milimani, wewe ukabaki na vipindi vya jua. Sasa watangazaji wetu wakishika neno mvua, mengine wanayameza.

Kwa hiyo anika, ila turubai liwe pembeni ya kichanja, na mtu wa kulivuta awepo. Wingu likijikusanya juu ya vilima, usisubiri redio.

Upepo ni habari nyingine. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi Ziwa Tanganyika ikitoka, wale vijana wako wa karabai, wanaovua dagaa usiku kwa taa, wasiingie ziwani, hata giza la mwezi liwe zuri namna gani. Huyo jirani acheke tu.