Maswali ya Wasomaji: Je, nia ya kiongozi anayeingia vitani ina uzito?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mpwa wangu ni askari wa KDF, jeshi letu la Kenya, na alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Somalia kupigana na al-Shabaab katika Operesheni Linda Nchi. Juzi kwenye mkutano wa chama chetu cha akina mama hapa Free Area, mwenzetu mmoja alisema kwamba utekaji nyara wa watalii ulikuwa kisingizio tu, na kwamba wakubwa walikuwa na hesabu zao muda mrefu kabla ya hapo. Mwingine akamjibu kwamba mtu aliyevamiwa hana haja ya kuuliza moyo wa rais wake una nini, mradi adui amefukuzwa. Mkutano ulivunjika kabla hatujagusa hata michango. Naomba mnieleze: ikiwa sababu iliyotolewa ni ya kweli, nia ya kiongozi ina uzito gani? Na mpwa wangu alipigania haki, au alipigania maslahi ya watu fulani?

Mama wa Free Area, Nakuru

JIBU

Mama,

Wenzako wamegusa jambo ambalo limewashughulisha wanazuoni wa dini na wa sheria kwa karne nyingi. Kwa maoni yangu, yule wa pili ana haki tunapouliza kama vita fulani ni halali, na yule wa kwanza ana haki tunapouliza vita hivyo vitakwenda umbali gani, na nani atabaki akifaidika milio ya bunduki ikishanyamaza.

Katika karne ya 13, mwanateolojia Mkatoliki Thomas Aquinas aliweka masharti matatu ya vita vya haki: vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na anayepigana awe na nia njema. Waislamu nao wana hadithi mashuhuri isemayo kwamba matendo huzingatiwa kwa nia. Lakini mafundisho hayo yanamhusu zaidi mtu mbele ya Mungu wake, ambaye anaujua moyo. Sheria ya mataifa haina uwezo huo, na kwa hiyo Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinauliza kama nchi imeshambuliwa kwa silaha, wala hakijishughulishi na yale anayoyawaza rais wake usiku. Naona ni busara. Kama tungesubiri kiongozi mwenye moyo safi ndipo tujilinde, hakuna nchi ambayo ingejilinda, kwa kuwa hata katika vita vya haki kabisa kiongozi hufikiria pia uchaguzi, wapinzani wake na jina atakaloliacha.

Mfano ulio karibu nasi ni vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivuka mpaka, yakateka eneo la Tanzania la takriban kilomita za mraba 1,800 kaskazini ya mto Kagera, yakalibomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Mwalimu Nyerere aliposimama mwanzoni mwa Novemba kulitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweza kuipinga ile sababu. Hata hivyo Nyerere alikuwa na jambo lake la zamani na Amin. Alikuwa amempa hifadhi rafiki yake Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, tangu mapinduzi ya Januari 1971, hakuwahi kuutambua utawala wa Amin, na mwaka wa 1972 wafuasi wa Obote walitoka Tanzania kuivamia Uganda wakashindwa. Je, hayo yaliifanya vita ya kuikomboa Kagera kuwa ya dhuluma? Hata kidogo, kwa kuwa mkulima wa Kyaka aliyeporwa ng'ombe alikuwa na haki ya kulindwa bila kujali rais wake anampenda nani.

Ila nia ile ilionekana baadaye, Kagera iliposharudi mikononi mwa Watanzania. Januari 1979 waliiteka Mutukula, upande wa Uganda, Februari wakafika Masaka, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Julai mwaka huohuo, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kumwondoa kiongozi wa nchi nyingine. Mimi siungani nao sana, maana Amin angeweza kujipanga upya nyuma ya mpaka, na Waganda wengi walishangilia. Lakini Mei 1980 Obote alirejea nyumbani kutoka Tanzania, Desemba akatangazwa mshindi wa uchaguzi uliojaa malalamiko, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni kuipiga vita serikali yake. Mtu ambaye mwaka wa 1978 angejiuliza Nyerere anamtakia nini rafiki yake asingepata hoja ya kuipinga vita, bali angejua mapema pa kutilia shaka.

Turudi Somalia, kwa kuwa ndiko ulikouliza. Sababu iliyotolewa Oktoba 2011 ilikuwa na ukweli: mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa katika pwani ya Lamu mwezi wa Septemba, mwanamke Mfaransa akachukuliwa kisiwani Manda, kisha wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka wakatekwa Dadaab. Lakini mwenzako wa chama hakubuni. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa 2010, karibu miaka miwili kabla ya matukio hayo, viongozi wa Kenya walikuwa tayari wakiwashawishi Wamarekani waunge mkono mpango wa kuweka utawala rafiki katika eneo la Jubaland, kusini mwa Somalia, mpakani na Kenya. Kwa hiyo nia iliitangulia sababu. Kutaka jirani mtulivu mpakani si dhambi, lakini kunaeleza kwa nini operesheni iliyoanza kwa watekaji nyara iliendelea hadi bandari ya Kismayo, iliyotekwa mwishoni mwa Septemba 2012, na kwa nini wanajeshi wetu hawakurudi baada ya hapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipokuja kueleza kwamba mkaa uliopigwa marufuku bado unasafirishwa kupitia bandari hiyo, na jeshi likakanusha kuhusika, Mkenya wa kawaida alikuwa na haki ya kuuliza, bila kuitwa msaliti, tuko kule kwa ajili ya nini hasa.

Sababu yenyewe ikiwa dhaifu, nia huwa dalili kubwa zaidi. Wasomaji wetu wa Kisumu walio na umri watakumbuka Februari 1976, Amin alipodai kwamba magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Alikuwa na chembe ya historia mkononi, kwani hadi 1902 Kisumu na Naivasha zilikuwa kweli katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kabla Waingereza hawajahamisha mpaka. Wapakuzi wa bandari ya Mombasa hawakupoteza muda kusoma ramani za wakoloni. Waligoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin akalegeza kamba. Walikuwa wamekwisha kumjua mtu anayetafuta ugomvi, na ramani hiyo ilikuwa ya kuupa ugomvi jina tu.

Kwa hiyo nisingekushauri wewe na wenzako mjaribu kuupima moyo wa rais, maana hamna kipimo. Kuna mahali pa kuuliza. Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinataka Bunge liidhinishe wanajeshi kupelekwa nje ya nchi, na hapo ndipo mbunge wako alipaswa, na bado anapaswa, kudai kuambiwa kazi ikikamilika itajulikana kwa alama gani. Serikali isiyotaka kutaja alama hiyo mapema imekwisha kukueleza kitu kuhusu nia yake.

Na kuhusu mpwa wako, nia ya waliomtuma haimwangukii. Mikataba ya Geneva inawahesabu askari wa pande zote kwa kipimo kimoja, yaani namna wanavyowatendea mateka, majeruhi na raia, bila kuuliza ni nani aliyeanzisha vita na kwa lengo gani. Kama pale Afmadow na Kismayo aliwatendea watu inavyopasa, basi amefanya kazi yake kwa haki, hata ikija kuthibitika siku moja kwamba kule juu kulikuwa na hesabu nyingine. Akirudi likizo, muulize hayo ya Afmadow. Ya Jubaland waulizwe waliokuwa wakishauriana mwaka wa 2010.