Maswali Yenu: Kamera, Giza na Dubu wa Svalbard

Betri ilikuwa imejaa nilipotoka hotelini Tromsø, kaskazini mwa Norway. Dakika ishirini tu, kamera ikazima. Nimeuziwa feki?

Hapana. Swali hili huja kila msimu na jibu ni lilelile: baridi huzubaisha kemikali ndani ya betri ya lithiamu, chaji imo ila haitoki. Iweke mfuko wa ndani, kifuani, itaamka. Beba tatu, uzipokezane. Na usiichaji kabla haijapata joto la chumba, kwani kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu kabisa.

Mbona theluji yangu inatoka ya kijivu?

Kamera hudhani kila kitu mbele yake kina mwanga wa wastani. Ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) hadi moja na nusu, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Kioo kisikudanganye: gizani picha yoyote hung'aa.

Naenda Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki, mwezi wa Aprili na lenzi ya milimita 400. Nani atanifikisha karibu na dubu mweupe nimpige picha ya uso mtupu?

Simtaji mtu, na anayekuahidi hilo mkimbie. Tangu Januari 1, 2025 sheria ya kule inakutaka ukae mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Aprili yako imo humo. Kumfuata, kumsumbua au kumvutia kwa chakula kulikuwa marufuku hata kabla ya hapo.

Sababu unapaswa kuijua kabla ya kufunga begi. Machi na Aprili ndipo majike hutoka kwenye mapango ya theluji na watoto waliozaliwa katikati ya baridi. Mama hajala kwa miezi. Kila hatua anayoikimbia skuta ya theluji inatoka kwenye mafuta ya mwili wake, na mafuta hayo ndiyo maziwa ya watoto. Sisi tuliokwisha kuona magari ya Maasai Mara yakimzunguka duma mpaka anaacha windo hatuna kisingizio cha kupeleka tabia ile kaskazini.

Piga picha dubu akionekana mdogo ndani ya barafu kubwa. Picha hiyo inasema anaishi wapi na anatembea umbali gani kutafuta sili. Ya uso mtupu ungeweza kuipata kwenye bustani ya wanyama.

Kulungu wa Aktiki naye asikimbizwe kwa ajili ya "picha ya mwendo". Majira ya baridi anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kiangazi. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, majani hufungiwa chini ya barafu na wengine hufa njaa. Piga magoti, tulia. Akiacha kula na kuinua kichwa, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma polepole. Mbweha usimpe hata kipande cha mkate: kichaa cha mbwa kipo Svalbard.

Nikirudi ndani lenzi inajaa ukungu.

Funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo saa mbili au tatu. Kadi ya picha itoe kabla ya kuingia, usije ukafungua mfuko kwa haraka ya kuziona. Na lenzi usiipulizie kwa mdomo huko nje, pumzi itaganda juu yake.

Desemba nitapata mandhari Longyearbyen, mji wa Svalbard?

Utapata giza. Mji uko nyuzi 78 kaskazini, na jua huzama mwishoni mwa Oktoba lisichomoze tena hadi katikati ya Februari. Hata hapo milima huukinga mji mpaka karibu na Machi 8. Nenda Februari: saa nzima nzima za mwanga wa bluu, kisha waridi kwenye vilele. Mimi sijaona mwanga mwingine unaoipa theluji umbo namna ile. Ukilazimika Desemba, baki Tromsø, ambako adhuhuri anga bado hupata rangi.

Mipangilio ya mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku?

Anza na f/2.8 (tundu la lenzi), ISO 1600 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), sekunde 8. Ikicheza kwa kasi, shuka hadi sekunde 2 na upandishe ISO. Fokasi weka kwa mkono juu ya nyota, alama ya infiniti kwenye lenzi usiiamini. Mwezi usiuogope, ndio utakaokuangazia milima. Na acheni kukoleza kijani kwenye kompyuta: nusu ya picha mnazonitumia zina rangi ambayo anga haijawahi kuwa nayo.

Nina pasipoti ya Tanzania. Svalbard wanadai viza?

Svalbard yenyewe haidai, lakini utapitia Norway bara, na visiwa vile viko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kupanda ndege kwenda kule kunahesabiwa kuwa umetoka. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, uisome ilivyoandikwa kabla hujalipia tiketi.